CHAKULA CHA MJI NA AFYA YA MWILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua akaotesha kwayo nafaka na matunda na majani, akaijaalia kila kaumu riziki katika ardhi yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: hili ni somo katika jambo liwakhusulo wanaume wa pwani kila siku, nalo ni chakula wanachokinunua na kukipeleka majumbani mwao. Sababu ya somo hili ni kwamba maradhi yaliyokuwa machache zamani sasa yamekuwa mengi: kisukari, shinikizo la damu, unene uliopita kiasi, maradhi ya moyo na kiharusi. Na mtu apatwapo na kiharusi hali watoto wake ni wadogo, msiba huo haumpati yeye peke yake. Humpata mkewe, na mamake, na wote waliokuwa wakila kwa mkono wake. Kwa hiyo haifai jambo hili kuachiwa matabibu peke yao, kwani fikihi nayo ina la kusema ndani yake.

FASLI YA KWANZA: Chakula cha mji katika fikihi

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamekitaja chakula cha mji katika milango zaidi ya mmoja. Mlango wa kwanza ni zaka ya fitri. Kila mtu hutolewa saa moja, nayo ni mudi nne; na watu wa pwani huikadiria kwa pishi moja ya vibaba vinne, kiasi cha kilo 2 na nusu za mchele. Wala haitolewi katika nafaka yo yote aipendayo mtoaji, bali katika ile iliwayo zaidi katika mji ule. Akitoa iliyo bora kuliko hiyo, imetosha. Akitoa iliyo duni, haikutosha.

Mlango wa pili ni posho ya mke, iitwayo nafaka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameieleza katika kitabu chake Minhaj: mwenye wasaa ni juu yake mudi mbili kila siku, mwenye dhiki mudi moja, na wa katikati mudi moja na nusu, katika chakula kiliwacho zaidi mjini. Tena gharama ya kusaga na kuoka ni juu ya mume, na kitoweo vile vile, nacho hubadilika kwa kubadilika majira. Na ajabu ya Kiswahili ni kwamba neno hilo moja, nafaka, limekuwa jina la posho ya mke na jina la mtama na mpunga pia.

Haya hayana maana kwamba chakula kitokacho nchi nyingine ni haramu. Tende zimeletwa pwani hii kwa majahazi tangu zamani, na hapana aliyezikataza. Hata mahindi na muhogo, asili yake ni bara la Amerika, vikafika huku baada ya kuja Wareno. Lakini yana funzo ndani yake. Sheria imempimia mwanadamu kwa kile kinachopatikana na kuliwa pale alipo, na hekima yake yaonekana: ndicho awezacho masikini kukipata, na bei yake na ubora wake vyajulikana na kila mtu sokoni.

Mlango wa tatu ni mlango wa madhara. Wanavyuoni wamesema kwamba kila kinachoudhuru mwili au akili ni haramu kukila, ijapokuwa chenyewe ni tohara. Udongo ni tohara, mtu husali juu yake na hutayamamu kwao, walakini kuula ni haramu kwa yule unayemdhuru. Basi tohara ya kitu peke yake haitoshi kuwa ruhusa ya kukila.

Mas'ala: Mtu akiuliza, je, unga mweupe na sukari na soda ni haramu? Jawabu yake ni kwamba asili ya vitu hivi ni halali, wala hapana ruhusa kwa mtu kuharimisha kwa ulimi wake kitu ambacho sheria haikukiharimisha. Lakini mtu akiwa na maradhi, na tabibu mwadilifu mwenye kuijua kazi yake akamwambia kwamba kitu fulani chamdhuru, basi kwake yeye hukumu hubadilika. Khabari ya tabibu mwadilifu hutegemewa katika kuacha udhu na kutayamamu kwa mgonjwa anayedhuriwa na maji. Na ikiwa yategemewa katika sala, vipi isitegemewe katika glasi ya sharbati?

FASLI YA PILI: Yaliyoonekana na matabibu

Watu wa Jawa ni Waislamu, na wengi wao wafuata madhehebu haya haya ya Shafi'i, na chakula chao ni wali kama watu wa pwani. Katika miaka ya 1890 tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, mji uitwao leo Jakarta, akichungua maradhi ya beriberi yanayopoozesha miguu. Aliona kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa hata ukawa mweupe kabisa walipatwa na maradhi mfano wa hayo, na waliporejeshewa mchele wenye wishwa wake walipona. Baadaye ilijulikana kwamba katika wishwa mna kitu kidogo ambacho mwili hauwezi kuishi bila ya hicho, nacho ndicho kiitwacho leo vitamini B1. Eijkman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Weupe wa mchele, ambao watu waliudhani ni ubora, ndio uliokuwa upungufu wake.

Khabari ya pili yatoka Australia. Wenyeji wa asili wa nchi ile walipohamia mijini na kula unga mweupe na sukari, wengi walishikwa na kisukari. Bibi Kerin O'Dea alitoa mwaka 1984 taarifa ya watu 10 miongoni mwao, wote wagonjwa wa kisukari, waliorejea porini kwa wiki 7 wakala kile walichokipata kwa mikono yao, cha nchi kavu na cha majini. Walipungua kiasi cha kilo 8 kila mtu kwa wastani, na sukari ya damu yao ikashuka sana. Na isifichwe kwamba walikuwa wakila kidogo, na wakitembea na kuhangaika kutafuta chakula hicho; faida yao ilitoka katika chakula na katika jasho pamoja.

Khabari ya tatu ni ya karibu zaidi. Mwaka 2025 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa upande wa Kilimanjaro, Tanzania, kwa wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya wanaume wa mashamba, waliozoea mboga na maharage na ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha namna ya Kizungu: soseji, mkate mweupe, viazi vya kukaanga. Na baadhi ya wanaume wa mjini wakapewa kinyume chake. Wale walioacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha alama za kuwaka kwa ndani zimezidi, na nguvu za mwili za kupigana na vijidudu zimepungua. Wale waliorejea katika chakula cha asili, alama hizo zilipungua, na baadhi ya faida hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye. Kundi jingine lilinyweshwa mbege, pombe ya ndizi. Na hilo halimkhusu Muislamu, kwani kinacholevya ni haramu kichache chake na kingi chake, na mboga na kunde zatosha.

Funzo la khabari hizi tatu ni moja, nalo ni kwamba mwili hubadilika upesi kuliko mtu adhanivyo. Wiki mbili zatosha kuuharibu, na wiki mbili zatosha kuanza kuutengeneza. Basi asikate tamaa aliyekwisha kuzoea, wala asijidanganye kijana asemaye kwamba madhara ni ya wazee.

FASLI YA TATU: Madhara yaingiapo

Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2015 liliusia kwamba sukari anayoongezewa mtu katika chakula na kinywaji isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu anazozipata kwa chakula chake chote. Hiyo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Sasa na apige hesabu mwenyewe. Kijiko cha chai huchukua gramu 4 za sukari. Mwenye kunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekula gramu 48, wala hajatia kinywani andazi wala kaimati. Akiongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, yenye kiasi cha gramu 30, amekwisha kuupita mpaka mbali.

Chumvi nayo, shirika hilo hilo limeusia iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Na hapa watu wa pwani wasijisifu kwa kuwa wala vya kwao, kwani ng'onda na papa mkavu ni vya kwao, na chumvi yake ni nyingi. Aulaye na auroweke kwanza na kuyamwaga maji. Kadhalika tui zito la nazi: lina mafuta ya namna iongezayo mafuta ya damu. Aliyekuwa akilima tangu alfajiri hata adhuhuri alikuwa na njia ya kuyatumia, na aketiye dukani mchana kutwa hana. Basi na alipunguze, wala si lazima aliache.

Na shina la madhara yote ni wingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba asiyekuwa na budi na aligawanye mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Anayekula sahani tatu za wali wa kutwanga hakufuata mafundisho haya, ajapokuwa mpunga ni wa bonde lake mwenyewe. Na mfano ulio wazi ni futari ya Ramadhani. Muhogo, majimbi, mashelisheli na kunde ni vyakula vyema. Lakini mtu akivila vyote usiku mmoja, na juu yake vibibi na sharbati, kisha akalala, hakuipatia saumu yake faida ya mwili.

FASLI YA NNE: Mbolea na sumu za wadudu

Watu wengi sasa husifu mboga zilizooteshwa kwa samadi, bila ya mbolea za viwandani wala sumu za wadudu, na jambo hili laitwa kilimo hai. Lina mas'ala yapasayo kujulikana na mkulima na mnunuzi.

Mas'ala ya kwanza: Katika madhehebu ya Shafi'i mavi ya wanyama wote ni najisi, hata ya ng'ombe na mbuzi. Je, yajuzu kuyatia shambani? Jawabu: yajuzu, na kitu kilichoota juu yake ni halali. Jani au tunda lililoguswa na mavi yenyewe hutaharika kwa kuoshwa.

Mas'ala ya pili: Samadi ikirundikwa pamoja na majani hata ikageuka mfano wa udongo, je, imetaharika? Jawabu: haikutaharika, kwani katika madhehebu haya kitu kilicho najisi kwa asili yake hakitahariki kwa kugeuka, ila vitu vichache maalumu, kama ulevi ugeukapo siki wenyewe, na ngozi ya mfu idibaghiwapo. Lakini kuirundika kuna faida ya afya, kwani rundo zuri hupata joto la daraja 55 na zaidi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua minyoo na vijidudu. Ama rundo la majani matupu, na takataka za jikoni zisizokuwa na najisi, hilo ni tohara.

Mas'ala ya tatu: Je, yafaa kuiuza samadi? Jawabu: bei ya kitu najisi haisihi. Njia yake ni kwamba mwenye nayo apewe ujira wa kuikusanya na kuichukua, au apewe kitu kwa ajili ya kuiondoa mkono wake, bila ya kufanya akidi ya kuuza. Mboji ya majani matupu huuzwa kama kitu kingine cho chote.

Mas'ala ya nne: Mkulima anayepiga sumu mchicha wake jioni, na asubuhi akauchuma na kuupeleka sokoni, hukumu yake nini? Jawabu: kila chupa ya dawa hizo imeandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna. Mwenye kuziacha kwa kujua amewadhuru watu wasioweza kujikinga, kwani sumu haionekani kwa macho. Na sheria haimruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Na dawa hizi si za kuchezewa. Ile iitwayo DDT, ambayo zamani ilisifiwa duniani kote, ilitiwa katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa Stockholm mwaka 2001, ikakatazwa mashambani, ikabakizwa kwa kupigana na wadudu waletao maradhi, kama mbu wa malaria.

Mas'ala ya tano: Muuzaji aitaye mboga zake za kilimo hai, nazo zimepigwa sumu, je? Jawabu: huo ni udanganyifu, na bei aliyoizidisha ni mali ya dhuluma. Mtume alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya chakula, akauona umajimaji chini yake. Akamkemea mwenye nacho kwa kuuficha, na akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo katika wafuasi wake. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2007 juu ya kanuni moja ya mazao haya, na alama yake ni Kilimohai. Mwenye shaka na aulize alama hiyo, au anunue kwa mkulima amjuaye.

Tanbihi: Haki yataka isemwe kamili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizikusanya mwaka 2012 tafiti nyingi, wakaona kwamba mazao ya kilimo hai yana mabaki machache ya sumu, lakini hawakupata dalili yenye nguvu kwamba yanalisha mwili kuliko mengine. Basi masikini asiyeweza kununua chenye alama asiache mboga kwa sababu hiyo. Mchicha wa kawaida uliooshwa vizuri ni bora kuliko kukosa mchicha.

FASLI YA TANO: Si kila cha kwetu ni salama

Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu walikula mahindi waliyoyavuna wenyewe wakayaweka yakiwa na unyevu. Yakaingia kuvu yenye sumu. Watu 317 wakaugua, na 125 katika hao wakafariki. Hayakuwa mahindi ya ng'ambo. Basi nafaka na karanga na zikaushwe barabara kabla ya kuwekwa, ghala iwe kavu, na iliyoota kuvu isiliwe wala isisagwe ikachanganywa na nzuri. Kadhalika muhogo mchungu: una sumu, na usipomenywa na kurowekwa na kuanikwa kama walivyofanya wazee, hudhuru, hata huweza kupoozesha miguu. Ujuzi wa bibi jikoni ni sehemu ya chakula chenyewe; mwenye kuchukua muhogo na kuuacha ujuzi wake amechukua nusu ya kitu.

FASLI YA SITA: Namna ya kubadilisha

Mambo ya mazoea hayaondoki kwa siku moja, na mwenye kuyalazimisha nyumbani kwa ukali huleta ugomvi badala ya afya. Njia nyepesi ni hii.

Kwanza, baba mwenyewe na apunguze kijiko kimoja cha sukari katika chai yake, na baada ya wiki mbili kingine. Watoto humfuata wamwonaye.

Pili, mkate mweupe wa asubuhi ubadilishwe siku tatu katika wiki kwa muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, au uji wa mtama, au mkate wa mofa.

Tatu, mchele uwe wa kutwanga au usiokobolewa sana, na ugali uwe wa dona mahali pa sembe. Wali upungue sahanini, na mchicha, kisamvu, matembele au bamia iongezeke, pamoja na kunde, mbaazi au choroko.

Nne, dagaa na samaki wabichi watangulie mbele ya nyama za kopo na soseji, tena wachemshwe au wachomwe zaidi ya kukaangwa.

Tano, soda iwe kwa nadra, na mahali pake pawe na maji, au dafu kwa kiasi. Na tunda liliwe zima, kwani sharbati yake ina sukari bila ya nyuzi zake.

Sita, mwenye uwanja hata wa hatua tatu na apande mchicha, mpapai au mlimau. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Muislamu akipanda mti, akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mti wa uani humpa mwenyewe chakula, na jirani kivuli, na kunguru naye hakosi fungu lake.

Tanbihi: Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kuwa amebadili chakula. Kujitibu ni sunna. Tena anayetumia dawa za kushusha sukari, akipunguza chakula ghafula, huweza kushuka sukari hata akazimia. Basi na amwambie tabibu wake kwanza, khasa kabla ya Ramadhani.

KHATIMA

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mume aliyefaradhishiwa mudi mbili kwa mkewe hakufaradhishiwa ili ajaze tumbo la nyumba kwa kitu cho chote kilicho rahisi kubeba kutoka dukani. Amefaradhishiwa chakula, na chakula ni kile kinachomsimamisha mtu katika ibada yake na kazi yake. Anayeweza kukipata katika bonde lake, na bahari yake, na uani kwake, kisha akakiacha akakimbilia kile kinachomtia ugonjwa kwa sababu tu chapendeza kwa weupe wake, huyo amejidhulumu nafsi yake na walio chini yake.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu afya ya miili na dini zao, aibariki mvua na mashamba na bahari yao, na awajaalie kula kilicho halali tena kizuri, kwa kiasi. Amin.